Mkono wa Mheshimiwa Isidori

Watu wa Mbinga wakimtaja Isidori Kinunda, aliyekuwa mjumbe wetu kwenye Baraza la Kutunga Sheria enzi za Mwingereza, hawakosi kuutaja mkono wake wa kulia. Wanasema polisi wa mkoloni waliuvunja kwa vitako vya bunduki kwa sababu alikataa kutaja majina ya wenzake. Nimeyasikia hayo Songea, nimeyasikia Lindi, na mara moja niliyasikia ndani ya meli kati ya Manda na Mbamba Bay, mtu ananisimulia mimi, na mimi ndiye niliyeufunga mkono ule kwa vijiti na kipande cha shati siku ulipovunjwa. Sikumbishia. Alikuwa amenigawia nusu ya samaki wake.

Lakini ilivyokuwa haikuwa hivyo.

Mimi ni mtu wa ziwani, jina langu Egidi. Shule nilisoma vipande vipande, huku mwaka, kule miezi sita, kisha nikaenda Joni, kule Afrika Kusini, kuchimba dhahabu nikarudi na kifua kibovu na ngumi nzuri. Isidori alinichukua kwa ajili ya ngumi.

Yeye alizaliwa Mapera, milimani, Mmatengo halisi. Alisoma seminari akaacha, na mwaka wa arobaini na tisa alikuwa tarishi wa jumbe mmoja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye mashamba ya kahawa na kukata mibuni isiyopogolewa, maana amri ilisema mibuni ya namna hiyo inaleta ugonjwa kwa jirani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na viatu, na shoka ambalo si lake.

Huko Maguu akafika kwa mtu anaitwa Urbani. Urbani alikuwa na mibuni sitini na alikuwa amemzika mama yake mwezi ule, hakupogoa. Isidori hakutaka kusikia habari za msiba. Akaanza kukata. Alipofika kwenye mbuni wa kumi hivi, Urbani akaruka akalishika shina kwa mkono.

"Kata na mkono," akamwambia.

Isidori akageuza shoka, akavipiga vile vidole kwa mgongo wa shoka. Urbani hakuachia. Akapiga tena. Mara ya tatu mkono ukaachia wenyewe, kwa kuwa mifupa ya kushikia haikuwepo tena. Kisha Isidori akaendelea na mibuni iliyobaki mpaka akaimaliza yote, mwenye shamba amelala hapo chini anatapika, na akaondoka kwenda shamba la pili.

Haya alinisimulia mwenyewe, na Urbani pia alinisimulia. Hawakupishana hata kwa neno moja.

Sasa, Wamatengo wana kitu wanakiita sengu. Wanaume wa ukoo mmoja wanakula pamoja mahali pamoja, kila mke analeta alichopika, wanachovya bakuli moja, na kesi zao wanazimalizia hapo hapo. Mtu aliyewakosea akikaribishwa sengu, akatia mkono kwenye bakuli pamoja nao na kulitaja kosa lake tonge likiwa mkononi, basi limekwisha. Hakuna wa kumshtaki barazani wala wa kumvizia njiani. Urbani alipopona, sengu yao ilikaa siku nzima kuamua kama mtu anaweza kuchovya bakuli la wenzake kwa mkono wa kushoto. Mkuu wa sengu alikuwa kaka yake mkubwa, Bartholomayo, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Akaamua kwamba kuanzia siku ile mkono wa kushoto wa Urbani ni wa kulia, na atakayecheka akale jikoni na wanawake.

Miaka ikapita. Isidori akaacha utarishi, akaingia chama, akawa msemaji. Alijua kusema, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Mwaka wa hamsini na nane, zile enzi za kura tatu, unampigia Mwafrika, unampigia Mwasia, unampigia Mzungu, yeye akataka kusimama kwa jimbo letu. Fomu ilitaka sahihi ishirini na tano za watu walioandikishwa kupiga kura, na walioandikishwa walikuwa wachache, watu wenye kahawa nyingi au elimu au cheo. Alikuwa na sahihi ishirini na moja. Nne zilizobaki angezipata Maguu tu, kwa wenye kahawa wakubwa, na Bartholomayo alikuwa mmoja wao. Fomu ilitakiwa Songea Jumanne.

Bartholomayo alituma neno: aje Jumapili baada ya misa, ale nasi.

"Umesikia, Egidi?" Isidori akaniambia njiani, anacheka peke yake. "Ale nasi. Limekwisha hilo. Ninakwenda kula ugali, nasema nililolifanya, narudi na sahihi nne."

"Na Urbani?"

"Urbani atakuwepo. Sengu ikiamua, ameamua na yeye."

Tulifika saa saba mchana. Watu kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye magogo, bakuli katikati. Tukasalimia, shikamoo kwa wazee mmoja mmoja. Urbani alikuwa pembeni, mkono umekunjika kifuani kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Aliitika salamu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na aliyeyaharibu hakuwa na ubaya wowote. Kalista, mke wa Urbani, alikuwa amekwenda kuazima kiti kwa katekista, na sahani ya bati na kijiko kwa mwalimu. Alisikia mgeni anakwenda Dar es Salaam kukaa meza moja na wakubwa, akaona aibu mgeni wa namna hiyo kumkalisha kwenye gogo nyumbani kwake. Wanawake hawakai sengu, wanaleta chakula na kuondoka. Akaweka kiti kivulini, hatua tano kutoka kwenye bakuli, akapakua ugali na maharage na usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye sahani, akapiga goti.

"Karibu, bwana mkubwa."

Na Isidori akakaa kwenye kiti. Akashika kijiko, akala. Mimi mtu wa ziwani sikujua uzito wa jambo lile. Niliona tu wale watu wamenyamaza, wanamtazama anavyotafuna. Baadaye nilimuuliza, wewe uliyekulia sengu, ilikuwaje? Akaniambia, "Niliona kijiko, nikasahau."

Alipomaliza, Bartholomayo akamuuliza, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, mzee. Mungu awabariki."

"Haya. Ngoja na sisi tule."

Wakala, bila kusema neno. Isidori akadhani kimya kile ni heshima. Walipofika nusu akatoa fomu mfukoni, akasimama kama yuko mkutanoni. "Wazee wangu, mimi na ndugu yangu Urbani tulikuwa na jambo letu. Leo nimekula chakula cha nyumba yake..."

"Hata mbwa wetu anakula chakula cha nyumba hii," akasema Urbani. "Lakini hali na sisi."

Mtu mmoja akacheka puani. Isidori akatazama sahani, akatazama bakuli, na nikaona uso wake unabadilika. Amelikumbuka. Angekaa chini palepale, akatambaa mpaka kwenye bakuli, labda wangempokea. Lakini alikuwa amesimama na fomu mkononi mbele ya watu waliomcheka.

"Mzee Bartholomayo, hayo ni mambo ya kiti tu."

"Ni mambo ya kiti," mzee akakubali. "Uliona kiti, ukakipenda. Kunja karatasi yako."

"Fomu inatakiwa keshokutwa."

"Nami mkono wangu nautaka," akasema Urbani. "Tangu mwaka wa arobaini na tisa."

Na Isidori, Mungu amsamehe, akasema, "Ungepogoa kahawa yako, mkono ungekuwa nao."

Nililiona bakuli likipinduka. Mpwa mmoja wa Urbani alinipiga na gogo shingoni kabla sijainua ngumi, nikaanguka kwenye maharage. Niliamka nikamvunja pua, nikampiga mwingine tumboni, kisha wakanilalia watu watatu. Kutoka pale chini, shavu langu kwenye udongo, niliona yote. Wanne walimburuta Isidori mpaka kwenye gogo, wakalaza mkono wake wa kulia juu yake. Alipigana. Alimuuma mmoja sikio mpaka likachanika. Mtu akaleta shoka.

"Si wewe," Bartholomayo akamwambia yule mtu. "Mpe mwenyewe."

Urbani akashika shoka kwa kushoto. Akaligeuza, mgongo chini. Pigo la kwanza lilikosa, likagonga gogo, na mwenzake aliyeshika kiwiko akasema, "Taratibu, baba mdogo, na mimi nina mikono." La pili lilipata vidole. La tatu lilipata katikati ya kiganja, na sauti ya Isidori ikakatika. Urbani akaangusha shoka. Hakuonekana amefurahi hata kidogo.

"Lete maji," akasema Bartholomayo. "Na ugali mwingine."

Kalista alileta akilia. Wakamkalisha Isidori kwenye gogo, wakamnawisha mkono wa kushoto, wakamwekea tonge ndani yake. Damu ilikuwa inadondoka kwenye viatu vyake.

"Sasa unakula na sisi," mzee akamwambia. "Sema."

Akasema. Shina, shoka, mara tatu, mibuni sitini. Akasema yote, meno yanagongana.

"Vizuri. Limekwisha. Lakini watu watakuuliza huu mkono. Utakwenda kote, watauliza. Kila atakayeuliza utamwambia ulivunjikia wapi na kwa sababu gani. Usipunguze. Siku utakayosema vingine, umekula uongo kwenye bakuli letu, na la zamani limerudi."

"Nitasema."

"Apia kwa hilo tonge."

Akaapa, akalimeza. Kisha wenye kahawa wanne wakatia sahihi, Bartholomayo wa kwanza, na Urbani akamshikia fomu isiruke na upepo.

Isidori alishinda. Alikwenda Dar es Salaam, akasimama Barazani akasema habari za barabara ya Mbamba Bay na bei ya kahawa, na viboko vya matarishi. Kuhusu viboko hakuna mjumbe aliyesema vizuri kuliko yeye. Mikutanoni mimi nilikuwa ubavuni pake, na mara ya kwanza kuulizwa ilikuwa Songea, mzee mmoja akamwonyesha kidole: "Mheshimiwa, mkono huo vipi?"

Isidori akavuta pumzi. Nilijua analitafuta neno la kuanzia. Na kabla hajalipata, mtu mwingine kule nyuma akajibu kwa sauti, "Kwani hujui? Polisi hao." Watu wakanguruma. Akina mama wakapiga vigelegele. Isidori akafumba mdomo.

Kwenye lori nilimwambia, "Bwana, kule Maguu uliapa."

"Sijasema mimi. Wamesema wao."

"Nawe ulinyamaza."

"Egidi, kunyamaza sikuapa."

Huko Lindi alinyamaza tena. Tunduru akatikisa kichwa, kama mtu asiyependa kukumbushwa maumivu. Mwaka ulipokwisha alikuwa anauinua mwenyewe, anasema kwa mdomo wake, "Huu ndio malipo ya mkoloni." Ulimfaa kuliko hotuba yoyote. Nami nilikuwa nakula kwake, nikaacha kuuliza.

Mwaka wa sitini uchaguzi ukarudi. Safari hii alikuwa na mpinzani, Cuthbert, karani wa zamani wa melini, mtu wa pwani ya ziwa. Cuthbert alikuwa anapita vijijini akisema Isidori alikuwa tarishi mpigaji. Isidori akaitisha mkutano Mbamba Bay, siku ya soko, saa nne asubuhi, kumjibu. Jukwaa lilikuwa lori limefunguliwa ubavu. Mimi nilikuwa mkuu wa walinzi, vijana kumi na wanane, kila mmoja na kasia alilolikata likawa rungu.

Maneno yalikuwa mazuri. Akafika kwenye mkono, akauinua. "Mtu aliyevunjwa hivi na serikali, leo aitwe kibaraka wake?" Watu wakaitikia mpaka kunguru wakaruka kwenye vichanja vya usipa.

Nikamwona Urbani. Alikuwa ameshuka kutoka milimani kuuza maharage, gunia tupu liko begani. Alipita katikati ya watu taratibu, anaomba radhi, akashika ubao wa lori kwa kushoto akapanda. Hakupiga kelele. Akauweka mkono wake wa kulia kando ya ule wa Isidori, hewani, mbele ya watu wote. Vidole vya mikono yote miwili vimekunjikia upande mmoja.

"Isidori," akasema, "waeleze huu wako. Halafu waeleze na huu."

Mtu mmoja chini akacheka, akidhani ni mlevi. Mwingine akasema, "Mtu wa Cuthbert huyo." Neno hilo lilitosha. Vijana wangu walimshika miguu wakamvuta, akaanguka chali kutoka kwenye lori, na makasia yakaanza.

Nataka niseme hapa nilikuwa wapi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimjua. Neno langu moja lingewasimamisha wale vijana, maana walinihofia. Sikulisema. Nilimtazama Isidori nipate ishara, na Isidori alikuwa anatazama mkono wake. Muda wa kusali Baba Yetu mara mbili, siyo zaidi. Hata leo nasikia mbao zinavyopiga nyama, na baadaye zinavyopiga mfupa, sauti ni tofauti. Wavuvi nao wakaja na mawe.

Isidori akachukua bomba la bati la kusemea. "Mwacheni," akasema. "Anasema kweli."

Hawakusikia. Akasema tena, na safari hii alisema yote. Mimi nilikuwa tarishi. Mimi nilimvunja mkono kwa shoka, kwenye shamba lake, Maguu. Huu wangu aliuvunja yeye, na ilikuwa haki. Polisi hawakunigusa mimi hata siku moja.

Makasia yakasimama. Kijana mmoja, Tadea, ambaye alikuwa ametembea naye mwaka mzima bila kulipwa kitu, akamtazama juu kule, uso umejaa damu ya mtu mwingine. "Unatufanyia nini, mheshimiwa?" akauliza, kwa upole kabisa. Kisha akaokota jiwe akamtupia, likampata mdomoni. Mengine yakafuata. Nilipanda lori nikamlalia, nikapigwa mgongo mzima, na dereva akaondoa gari mkutano ukiwa bado unalipiga mawe.

Isidori alinifanya nimrudishe jioni ileile. Urbani alikuwa bado pale mchangani, watu wamemzunguka kwa mbali. Hakuna aliyetaka kumbeba. Nilipata watu wawili wa kulipwa, nami wa tatu, na Isidori akashika ncha ya nne ya machela. Tulianza kupanda kulipopambazuka, kwenda Tingi, njia ya kumrudisha Maguu. Mlima ule hata mtu mzima mikono mitupu unamtoa jasho.

"Nani kashika nyuma kushoto?" Urbani akauliza. Jicho moja lilikuwa limefunga.

"Mimi," akasema Isidori, midomo imevimba.

"Bega lako halijui kubeba. Unanichezesha kama mahindi kwenye ungo."

"Nitabadilisha."

"Usibadilishe, utaniangusha."

Tukaenda. Baada ya muda akasema, "Ulisema vizuri. Lakini ulichelewa."

"Najua."

"Nilisikia mpaka kwenye shoka. Baada ya hapo sikusikia. Ulisema na mibuni?"

Isidori akafikiri. "Mibuni sikuisema."

"Sitini," akasema Urbani. Akaomba maji. Alikufa kabla hatujafika Tingi, kwenye kona yenye mianzi, na wale wawili wa kulipwa wakaweka machela chini wakarudi zao. Mimi na Isidori tulimbeba siku nzima na nusu, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Pale Maguu wapwa walikuja na mapanga njiani, habari ilikuwa imetutangulia. Isidori akapiga magoti, akatoa shingo. Walimpiga kwa ubapa wa mapanga mgongoni mpaka shati likagandana na ngozi. Mimi walinifunga kwenye mti, na nilistahili. Kalista alitoka nyumbani, akafunua kitambaa cha machela, akatazama, akakirudisha. Hakututazama sisi.

Bartholomayo akawasimamisha wapwa. "Kumuua ni kumpumzisha," akasema. Kisha akainama, akamwambia Isidori karibu na sikio, lakini niliyasikia. "Ulikula tonge langu ukaapa. Tonge halijatoka. Kila atakayeuliza, utamwambia, mpaka ufe. Na sasa lina mtu ndani yake. Utamwambia na habari za huyo."

"Na mibuni," akasema Isidori.

"Na mibuni."

Alikwenda Songea akajieleza mbele ya hakimu. Tadea na wenzake wawili walifungwa, na ni yeye aliyewatolea ushahidi, wakimtukana mama yake mzazi kizimbani. Kuhusu shoka la mwaka wa arobaini na tisa hakimu alisema mlalamikaji amekufa, aende nyumbani. Chama kikaondoa jina lake kwenye uchaguzi, kikaweka la mtu mwingine, na Cuthbert naye hakupata kitu. Isidori akarudi Mapera kulima, kwa mkono mmoja.

Nilimwona tena Desemba ya mwaka wa sitini na moja, wiki ya uhuru, Mbinga. Nilikuwa natoka kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Kamati ya sherehe ilikuwa na watu wapya wengi, na wale wa zamani waliojua ukweli walitaka siku yao iwe na shujaa. Wakamweka kiti cha mbele. Nikasikia mwenyekiti akimwambia pembeni, "Mheshimiwa, leo usiseme kitu. Utauinua tu mkono, tutapiga makofi, utakaa."

"Wakiniuliza?"

"Hakuna atakayeuliza. Wanajua."

Aliitwa, akasimama. Ngoma zikanyamaza. Aliuinua kweli, watu wakashangilia, na mwenyekiti alikuwa tayari ameshika karatasi ya jina linalofuata. Lakini mbele kabisa palikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, ameketi chini na beseni lake, mtu wa kutoka mbali kwa matamshi yake. Akauliza kama unavyomuuliza jirani.

"Pole, baba. Mkono ulikuwaje?"

Isidori akaushusha. Akamgeukia yule mama, akaanza kumweleza. "Nilikuwa tarishi, mama, kule Maguu. Palikuwa na mtu anaitwa Urbani. Alikuwa amefiwa."

"Kaa chini, mheshimiwa," akasema mwenyekiti.

"Alikuwa na mibuni sitini."

Minong'ono ikaanza. Mtu akasema amelewa, mwingine akasema amenunuliwa. Walinzi wawili wakamshika mabega. Akaendelea kusema, sauti ileile, anamtazama yule mama. Mmoja akampiga kofi, akaendelea. Mwingine akampiga rungu mgongoni, akaanguka kwenye vumbi mbele ya lile beseni. Safari hii sikungoja ishara ya mtu. Niliruka kamba, nikampiga wa kwanza ngumi ya koo, wa pili akanipiga mimi, jino langu la mbele likaenda, wakaja wengine watatu. Walitupiga mpaka bendi ikaambiwa ianze kupiga kuziba zile sauti.

Walipochoka, wakatuburuta hadi nyuma ya jukwaa wakatuacha. Isidori akaketi, akatema damu, akajifuta kwa kile kigutu cha mkono. Yule mama wa vitumbua alikuwa ametufuata na beseni lake kichwani. Amesimama, hajui aende au akae.

"Nilikuwa nimefika wapi?" Isidori akaniuliza.

"Kwenye mibuni," nikamwambia.

Akamgeukia yule mama, akaendelea.